Ng'ombe wa Amana

Mdogo wangu alipokuwa anasomea sheria chuo kikuu, mimi nilikuwa nanunua alizeti kwa niaba ya chama cha ushirika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikaona inatosha. Yeye alikuwa na kichwa, na baba alikwisha kuamua kwamba katika nyumba yetu mmoja atasoma mpaka mwisho. Madume yetu mengi ya ng'ombe yaliishia kwenye ada zake. Sikumdai kitu, lakini nilipenda watu wajue kwamba ni mimi niliyeyapeleka mnadani.

Soko huria lilipokuja, ushirika ulikufa. Ghala letu likapigwa kufuli, na karani aliyebaki na ufunguo akaenda kuuza mitumba. Mimi nikanunua mashine ndogo ya kukamua mafuta, nikaifunga kwenye banda la mabati Mandewa, pale Singida mjini. Mdogo wangu wakati huo alikuwa kwenye ofisi ya mawakili Dar es Salaam, na kazi zilizowajia kwa wingi zilikuwa za uuzaji wa mali za serikali: viwanda, mashamba, maghala. Yeye alikuwa anawaandikia wanunuzi mikataba. Akija likizo alikuwa akiniambia, "Kaka, mimi naandika mpaka macho yanauma, nalipwa mshahara. Yule ninayemwandikia anatia saini mara moja, anaondoka na kiwanda." Alikuwa anacheka, ila namjua tangu mtoto. Jambo likishamkaa rohoni halitoki.

Haikupita miaka mingi akaacha uwakili. Alikuja nyumbani na suti ya kijivu akatueleza kazi mpya. Kuna watu Ulaya wanachanga fedha kwenye mfuko mmoja, alisema, wanazipeleka kwenye nchi ambazo matajiri wenzao wanaziogopa. Wananunua sehemu ya kampuni, wanaikuza, halafu wanauza sehemu yao na kuondoka na faida.

"Hao wenzao wanaogopa nini?" nikamuuliza.

"Hawawajui watu. Mimi nawajua watu."

"Na mambo yakiharibika?"

"Kabla hatujaingia, kaka, tunajua tutatokea mlango gani."

Nilimwona mtu mkubwa. Sikujiuliza atakayebaki ndani ya nyumba wao wakishatoka ni nani.

Kazi ya kwanza waliyomwachia aisimamie mwenyewe aliileta kwetu. Mpango wake ulikuwa mzuri, hata leo sioni kosa lake. Mfuko wao ungenunua mashine kubwa ya kukamua alizeti. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua tungenenepeshea ng'ombe, tukawauza wakiwa na bei. Wao wangeleta fedha. Mimi ningeleta kiwanja, mashine yangu ya zamani na ng'ombe wa zizi letu la kijijini Mtinko. Vyote vingekuwa mali ya kampuni moja, na mimi ningepata hisa kulingana na nilichotia.

Hapo ndipo penye tatizo, na lazima nieleze habari za zizi lile.

Kwetu, ng'ombe walioko zizini kwa mtu si lazima wawe wake wote. Mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki. Mwenye zizi anapata maziwa na samadi, na mwenye ng'ombe anajua mali yake ipo. Hakuna anayeandika. Na hakuna anayemuuliza mwenzake mbele za watu, wako ni wangapi hapa? Ni kama kumvua nguo.

Zizini kwetu zaidi ya nusu walikuwa wa mama mmoja mjane tuliyemwita shangazi, ingawa hatukuwa damu moja. Mume wake alikuwa rafiki wa baba. Alipofariki, ndugu zake walitaka kuchukua kila kitu, hadi masufuria. Baba akanituma mimi, nilikuwa bado mwanafunzi, nikawaswaga ng'ombe wa yule mama alfajiri kupitia korongoni hadi kwetu, kabla shemeji zake hawajaamka. Baba akawa anampelekea samadi kwa mkokoteni, na kila alipoumwa au alipokwama, ng'ombe mmoja alikwenda mnadani kwa ajili yake. Jambo lile lilifichwa makusudi. Mdogo wangu alikuwa mtoto mdogo, hakuambiwa. Baba alipofariki, waliojua tulibaki wawili, mimi na shangazi.

Siku mdogo wangu alipomleta mkubwa wake, mzungu mrefu mwenye kofia ya pamba, tulikwenda wote Mtinko. Mzungu akasimama juu ya jiwe, akawatazama ng'ombe wakirudi kutoka machungani, akapiga mluzi wa kufurahi. Mdogo wangu akanivuta nyuma ya zizi.

"Kaka, hapa hatusikiki. Hakuna ng'ombe wa kuwekewa humu?"

"Walikuwepo zamani. Baba aliwarudisha wote kabla hajafa."

"Utaapa?"

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyeuza madume usome. Leo unaniapisha?"

Akainamisha kichwa. "Samahani, kaka. Ni kazi tu."

Niliapa vilevile, mbele ya hakimu, kwenye karatasi aliyoiandika mdogo wangu. Nimejitafutia sababu miaka yote hii. Ningesema kweli, hisa zangu zingekuwa kidogo mno, ningekuwa mwajiriwa ndani ya banda langu mwenyewe, na bosi wangu angekuwa mtoto niliyembeba mgongoni. Nilijiambia kwamba kiwanda kitafanikiwa, nitamnunulia shangazi wengine wazuri zaidi, wala hatajua. Sikumwambia kitu. Samadi niliendelea kumpelekea.

Mwaka wa kwanza tulikamua hadi mashine ikachemka. Wakulima walipanga magunia barabarani, wakatania kwamba wakili amekuja kuwanywesha mafuta. Kisha yakaja mawese kutoka nje, kwa meli, kwa bei ambayo hata kama wakulima wangetupa alizeti bure tusingeweza kuifikia. Wenye maduka waliokuwa wakinisubiri mlangoni wakaanza kunikwepa. Mmoja aliniambia, "Mzee, mafuta yako matamu, lakini mteja hanunui utamu." Madumu yakajaa banda zima. Mashudu tukalisha ng'ombe, na ng'ombe nao wakakosa bei kwa sababu ukame uliwafanya watu wote wauze kwa wakati mmoja.

Mfuko ukaamua kutoka. Mashine kubwa ilifunguliwa nati moja moja ikapelekwa Dodoma. Kiwanja kikauzwa. Wakabaki ng'ombe.

Mdogo wangu alikuja mwenyewe, na dalali na lori. Alikuwa amekonda. Njiani kwenda Mtinko aliniambia kwamba akirudi mikono mitupu hawatampa kazi nyingine, atarudi kuandika mikataba ya watu. Nilikuwa naomba shangazi awe ameenda shamba la mbali.

Alikuwa amekaa kwenye mlango wa zizi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na fimbo mapajani. Sijui nani alimpa habari.

"Shikamoo, shangazi," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Mmekuja na gari kubwa, wanangu. Mnahama?"

Dalali akacheka. Mdogo wangu akachutama mbele yake. "Shangazi, hawa ng'ombe ni wa kampuni. Kampuni imefungwa, inabidi wauzwe."

"Kampuni ndiyo nani? Ana mke? Mwambieni aje mwenyewe nimwonyeshe wa kwake. Wale wekundu wote ni uzao wa ng'ombe wangu. Yule mwenye pembe iliyovunjika ni mama yao."

Mdogo wangu akageuka kunitazama. "Kaka. Ni kweli?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeurudia mara nyingi muda ule, na kila nikiurudia naona ulikuwa mrefu wa kutosha. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimekiri kiapo cha uongo, na yeye aliyekiandika angeanguka pamoja nami. Nilimhurumia yeye, nikajihurumia mimi. Kwa shangazi haikubaki huruma.

"Baba alimrudishia," nikasema. "Labda amesahau. Umri."

Shangazi hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Mwanangu, si wewe uliyewaswaga? Ulikuwa na kaptura ya shule. Nilikupa viazi ukala unatembea." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Wewe ndiye mwanasheria. Sheria inasemaje?"

"Kuna maandishi, shangazi?"

"Maandishi ya nini? Tulikuwa tunawaficha."

"Shahidi je?"

"Baba yenu."

"Mwingine?"

Akaninyooshea fimbo. "Huyo."

Mdogo wangu alibaki amechutama kwa muda, anachora vumbi kwa kidole. Aliposimama alimwambia dalali, bila kumtazama mtu, "Pakieni." Shangazi akainuka mwenyewe kutoka mlangoni, akaichukua ndoo yake. Alipopita karibu nami alisema kwa Kinyaturu kwamba shemeji zake walikuwa wezi, lakini waliiba wakijiita wezi. Hawakuwahi kumwita mwehu.

Ndani ya gari, tulipoanza kuona mabati ya mjini, mdogo wangu akaniuliza.

"Ulinidanganya siku ile, au umedanganya leo?"

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu," akasema haraka. "Ukinijibu itabidi niwaandikie wakubwa."

Hivyo ndivyo kazi yake ilivyosimama imara. Mfuko ulirudishiwa sehemu nzuri ya fedha zake, na mkubwa wake akamsifu kwamba ndiye kijana anayejua kuingia na kutoka. Walimpeleka Msumbiji, wakampeleka Afrika Magharibi, kwenye nchi nilizozitafuta kwenye ramani ya shule ya wajukuu. Kampuni za simu, benki, saruji, hospitali za watu binafsi. Kila alichogusa walikikuza na kukiuza. Baadaye alikuwa yeye anayekwenda Ulaya kuwaomba matajiri fedha. Alinijengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Tulizungumza habari za afya na mvua. Habari ya zizi hatukuigusa.

Mimi tangu siku ile hakuna aliyeniwekea hata mbuzi. Hawakunitukana. Waliendelea kunialika arusini na kunipa kiti cha mbele. Lakini mtu akitaka pa kuweka ng'ombe wake, anapita mlangoni kwangu na kuniamkia, anakwenda kwa jirani.

Shamba la shangazi lilichoka msimu baada ya msimu. Mchanga wa kule bila samadi ni wa kuotesha miiba. Nilimpelekea mkokoteni wa samadi mara moja. Nikaukuta kesho yake umemwagwa barabarani, umesambazwa vizuri kabisa, kama mtu anayeziba mashimo. Mwishowe akamfuata binti yake aliyeolewa Rungwa.

Miaka imepita, nami nimekuwa mzee. Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka hospitali Dar es Salaam. Alikuwa amestaafu, na moyo wake ulikuwa unahitaji kupasuliwa.

"Kaka, yule shangazi yu hai?"

"Nasikia yu hai."

"Nakutumia fedha. Mnunulie mitamba. Wazuri. Nataka nijue kapokea kabla hawajanipeleka chumba cha upasuaji. Umenielewa?"

Nilinunua mitamba, wekundu, nikawafungia nyumbani, nikapanda basi kwenda Rungwa kumpa habari. Nilimkuta uani kwa mkwe wake, katikati ya mizinga ya nyuki inayosubiri kutundikwa. Macho yalikuwa yamefifia. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akauliza ni nani. Nilipojitaja akaendelea kupepeta mtama.

Nilimwambia yote. Kwamba nilidanganya, kwamba nilijua nadanganya, kwamba yeye hakuwa mwehu hata siku moja. Nikamwambia habari za mitamba.

"Wako wapi?"

"Nyumbani. Zizini kwangu."

Alicheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, binti yake akatoka ndani kuuliza kuna nini.

"Ameniletea ng'ombe," akamwambia, anafuta macho. "Wapo zizini kwake."

"Nitakuletea hadi hapa, shangazi. Nitakodi gari."

"Huku kuna mbung'o, mwanangu. Ng'ombe hawaishi. Kwani ulidhani nimekuja huku kufuga?"

Nilijua. Nani wa Singida asiyejua? Nikasema tuwauze, nimletee fedha. Akatikisa kichwa, akasema fedha hazitoi samadi wala ndama, na za kununulia jeneza mkwe wake anazo. Nikamwomba basi aseme anachotaka.

"Nilitaka siku ile useme," akajibu. "Walikuwa bado hawajapandishwa garini."

Alinipa uji. Nilikunywa, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine.

Simu iliita nikiwa kituo cha basi, nasubiri gari la kurudi. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa nyembamba. Alisema wauguzi wanamngoja.

"Kaka, amepokea?"

Nikamwambia amepokea.

"Alisema nini?"

"Amekushukuru. Amekuombea."

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni.

Upasuaji ulikwenda salama. Sasa hupiga simu mara kwa mara, na hamalizi bila kuuliza wale mitamba wa shangazi wanaendeleaje. Namwambia mmoja amezaa, na mwingine ana mimba. Maziwa yapo. Shangazi alizikwa Rungwa kabla ya mvua za mwaka jana, na hilo sijamwambia.