Zulia la Ukutani kwa Mzee Desderius

"Babu, mbona zulia lenu linakaa ukutani? Sisi nyumbani tunalikanyaga."

Teddy aliuliza hivyo hata darasa la kwanza hajaanza, amesimama katikati ya sebule ya babu yake pale Rulenge, kidole kinywani. Mzee Desderius alimtazama mkewe Esperansia. Esperansia akatazama paa.

"Nenda kaangalie kama kuku ametaga," babu akasema.

Kuku alikuwa ametaga, lakini hilo halikuwa jibu.

Zulia lenyewe liliingia nyumba ile miaka ya wakimbizi waliovuka mpaka. Kambi zilikuwa zimefurika, malori ya msaada yalitimua vumbi kutwa, na karibu kila mwenye miguu miwili alikuwa amepata kibarua shirikani. Desderius, mkulima wa migomba tangu kuzaliwa, alipewa kulinda ghala. Wenzake walirudi nyumbani na redio na baiskeli. Yeye alirudi na rangi: kopo la kijani lililobaki nusu na kopo la rangi ya maziwa lililobaki kidogo, masalia ya kupaka ofisi. Akayachanganya kwenye ndoo, akapaka sebule yake ya udongo, kisha akarudi nyuma hatua mbili ajisifu.

"Kisamvu kilichotiwa karanga," alisema Esperansia.

"Hapana," alisema jirani yao Auleria, aliyekuja kuomba moto akakaa kutoa maoni. "Kisamvu kilicholala."

Desderius hakujali, mpaka ilipofika habari kwamba Jumapili ya pili wakwe wanakuja. Binti yao Priscila alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bukiriro, na baba wa kijana, Mzee Ndikuriyo, alijulikana kwa kukagua nyumba za watu kama bwana mifugo anavyokagua ng'ombe. Ilisemekana aliwahi kukatisha posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu tu paa la upande wa pili lilimdondoshea tone la mvua shingoni. Priscila alishamwambia mama yake wazi: kama si kijana huyu, basi wampeleke kwa masista.

"Tutatandika nyasi mbichi kama kawaida," alisema Desderius. Ndivyo walivyopokea wageni tangu enzi za baba yake: sebule inafagiwa, nyasi zinatandazwa chini, mtu anakaa, harufu inamkaribisha.

"Nyasi? Kwa Ndikuriyo?" Esperansia aliruka. "Mtu ana sementi mpaka chooni! Baba Priscila, tafuta zulia."

"Na liendane na ukuta, baba," aliongeza Priscila, ambaye alikuwa anafagia kwenye nyumba ya wazungu wa shirika na alijiona mtaalamu. "Lisipoendana, wageni wanaona tumeokoteza."

Desderius akadandia lori hadi Ngara mjini, dukani kwa Halfani, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na bidhaa na hawakurudi tena.

"Karibu, mzee wangu. Ukuta una rangi gani?"

"Kisamvu."

"Kibichi au kilichopikwa?"

"Kilichopikwa."

"Na nazi?"

"Karanga."

Halfani akashika tumbo. "Mzee Desderius, utanitia njaa bure. Mimi nitajuaje? Niletee huo ukuta niuone!"

Halfani alikuwa anatania. Desderius, mtu wa kutimiza anachoagizwa, alirudi nyumbani akachukua panga.

Alikata kipande cha ukuta, ukubwa wa kiganja, nyuma ya kiti, akakilaza kwenye kapu. Njiani mama mmoja akabwaga mkungu wa ndizi juu ya kapu. Alipofunua kapu mjini, palikuwa na vumbi na vigamba vya rangi ya kisamvu. Hata dukani hakuingia, aibu.

Safari ya pili alikusudia kukata kipande cha maana. Alipiga panga, akachokonoa, akavuta, na ukuta ukamfuata. Pande kubwa kuliko ungo lilimwagika miguuni pake. Fito zikabaki meno nje, na katikati ya fito, mbuzi aliyekuwa uani akachungulia ndani.

"Baba Priscila!" Esperansia alishika kichwa. "Nimekutuma zulia, unaniletea dirisha?"

Desderius akaokota bonge lililobaki zima, akalifunga kwa majani ya migomba, akalipakata kwenye lori kama mtoto mchanga. Dukani, Halfani alipofunuliwa bonge lile, aliita kwa sauti ya kupasuka: "Mwanaisha! Mke wangu, njoo! Mzee anahama kidogo kidogo!"

Mwanaisha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, kisha akalichukua bonge, akalipitisha juu ya mazulia yote, moja moja. "Hili hapa," alisema. "Pacha wake."

Na kweli lilikuwa pacha. Lakini Desderius alifika nalo Jumamosi jioni, na udongo haukauki kwa siku moja. Esperansia alijaribu kuziba shimo kwa picha ya Familia Takatifu, ikaziba nusu. Wakatazamana. Zulia likapigiliwa ukutani, na chini wakatandika nyasi.

Mzee Ndikuriyo aliingia, akatazama juu, akatazama chini, akatazama zulia.

"Bwana Desderius, hiki kitu kwetu tunakikanyaga."

"Sisi," alisema Desderius, "tunakiheshimu."

Ndipo zulia likavimba. Likarudi, likavimba tena.

"Ukuta wenu unapumua," alisema Ndikuriyo. Akainuka, akashika pembe ya zulia, akafunua, akakutana na mbuzi uso kwa uso. Priscila, aliyekuwa anaingia na kibuyu cha pombe ya ndizi, alisimama mlangoni kama amepigwa msumari.

Mbuzi akalia. Ndikuriyo akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka hadi akakaa chini, palepale kwenye nyasi, akavua viatu.

"Tangu nimwage sementi," alisema akichezesha vidole vya miguu, "mke wangu amekataza nyasi. Eti ushamba. Nilikuwa nimesahau." Akanusa. "Binti tunamchukua. Ila mbuzi wa mahari nitakaowaleta, huyu msimfunge nao. Atawaharibu tabia."

Teddy ni mtoto wa Priscila na kijana yule wa Bukiriro. Hadithi hii alidokezewa na kila mtu isipokuwa babu mwenyewe. Likizo ya kidato cha tatu akaenda Rulenge, akafunua pembe ya zulia. Ukuta mzima, umezibwa siku nyingi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Shimo halipo tena. Sasa zulia mbona hamlishushi?"

Mzee Desderius alitazama kwanza upande wa jikoni, alikokuwa mkewe, akashusha sauti.

"Nikilishusha, bibi yako atataka liendane na sakafu. Na safari ya kumpelekea Halfani sakafu, mjukuu wangu, siiwezi tena."