Mstari wa Thelathini na Tatu

Wanafunzi wanamwita dada yangu Mama Pumzi. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nafundisha hesabu chumba cha pili, kwa hiyo namsikia ukutani: "Vuta... bana... shusha taratibu." Halafu kicheko, maana hakosekani anayekoroma kwenye mkao wa mwisho, ule wa kulala chali.

Dada hafundishi yoga kwa utani. Mwanzoni mwa muhula aliwapima wote thelathini na wawili: vidole vinafika wapi ukiinama bila kukunja magoti, na unahesabu hadi ngapi kwa pumzi moja. Mvivu akilalamika kwamba miguu iko mbali, humjibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu." Baada ya wiki kumi na mbili akawapima tena. Walioishia magotini wakashika kucha za miguu. Mnene mmoja aliyehesabu hadi kumi na nne akafika ishirini na sita, akatembea shule nzima kama kashinda kombe.

Mkuu wa shule akataka jedwali. Dada akanipa daftari niliingize kwenye kompyuta, maana yeye na kompyuta ni paka na panya. Nikakuta mstari wa thelathini na tatu, hauna jina. Kabla: tisa. Baada: hakuna kitu. Nami, bingwa wa kusahihisha makosa ya wenzangu, nikaufuta.

Alipoona jedwali alihesabu mistari kwa kidole, akarudia. "Mwanangu yuko wapi?"

Nikajua nimeharibu. Ile tisa ni ya binti yake, alipokuwa na miaka saba na pumu ikimkaba. Yoga ya dada ilianzia pale, kwenye mkeka wa chumbani, na kitabu cha kuazima: mama anahesabu, mtoto anafuatisha. Pumu haikuondoka na dawa hakuacha, ila aliacha kuogopa. Sasa ni mwanamke mzima, anafua mashuka katika hospitali nchi ya mbali, mwaka wa nne hajarudi. Akiulizwa kama bado anafanya mazoezi hujibu, "Nafanya, mama," kwa sauti ya mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Na kila daftari jipya, dada huunakili mstari ule. Anamkumbuka mwanawe mpaka anaumwa. Sipambi maneno, namwona.

Nikaurudisha. Kisha, kimyakimya, nikamwandikia mpwa wangu: "Mama yako anataka namba yako."

"Namba si anayo, mjomba?"

"Si ya simu. Ya pumzi."

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, wakati wa mapumziko. Nikamwekea dada simu sikioni. Mashine zilinguruma, pumzi ndefu ikavutwa, hesabu ikaanza. Dada alimfuatisha kwa midomo tu. Arobaini na moja. Kisha, akihema: "Umesikia, mama? Nafanya kweli."

Nikaiandika kwenye jedwali, chini ya "Baada". Dada akasikiliza tena na tena, mpaka kengele ikalia. Akajifuta macho kwa kiganja, akaelekeza kidole kwenye kompyuta.

"Futa."

"Dada, si ndiyo namba yenyewe?"

"Futa, mdogo wangu. Acha wazi. Nitampima mwenyewe."