Kahawa Iliyopoa Mezani

Bibi wa Kiarabu niliyekuwa nampaka hina saluni alihamia kwangu, katikati ya mji wa Durban, na begi moja na dele la kahawa. Mwishoni mwa miaka ya tisini hiyo. Chumba chenyewe ukipiga chafya unamwamsha jirani. Sasa tukawa wawili, na mmoja anakoroma. Si mimi.

Alikulia Tanga kama mimi, akaolewa na Mwarabu mwenzake angali kigoli, na tangu hapo ni kipigo mpaka mvi. Mkono wake wa kushoto ulivunjwa, ukajiunga kombo. "Huu wa kujikunia mgongo," alinitania. Nilicheka, lakini roho iliniuma.

"Bibi, mbona hukuondoka zamani?"

"Niliondoka mara sita, mwanangu. Kahawa ndiyo ilinirudisha."

Haya, nikasema moyoni, uzee nao umeingia.

Jumapili mumewe akaja kutoka kwao Queensburgh, nje kidogo ya mji, na wazee wawili, kanzu zimenyooka kwa pasi. Eish! Nikamimina kahawa, si wageni hao? Wakaviweka vikombe mezani, hakuna aliyegusa. Mimi na kiherehere changu: "Kunyweni jamani, inapoa! Au haina tangawizi?" Mzee mmoja alinitazama kama nimevua nguo mbele yake.

Bibi akanieleza palepale, wenyewe wanasikia: kwao, mgeni mwenye ombi hanywi kahawa mpaka akubaliwe. Na mgeni akiondoka hajanywa, ni aibu ya ukoo mzima wa anayeombwa. Mara zote sita aliona haya, akasema sawa, wakanywa, akarudi kupigwa.

"Tumekuja kumchukua mama watoto," mzee akasema. Mume kainamisha kichwa, mpole utadhani si yeye. Loo, nilimchukia yule mtu! Lakini bibi alikuwa anavitazama vile vikombe, nami nikaogopa kweli. Nilijua ile "sawa" yake iko karibu kumtoka.

Akanyoosha ule mkono wa kombo, akachukua kikombe cha mumewe, akanywa. Akachukua cha pili, akanywa. Cha tatu alikinywa taratibu, mpaka mashapo.

Akajifuta kwa mtandio, akanigeukia.

"Tangawizi imo, mwanangu. Wafungulie wageni mlango."