Treni ya Alasiri Mabela

Dada yangu anasema nimestaafu vibaya. Wenzangu wakistaafu hununua shamba, au huoa mke wa pili wakajitafutia maradhi. Mimi nimerudi Maskati na sanduku moja na mkono wa kushoto uliokufa ganzi. Daktari wa kule Uingereza alisema ni mishipa. Mimi nasema ni mpini. Miaka yote niliyoendesha treni, kazi kubwa ya mkono ule ilikuwa kuukandamiza mpini usipande, kwa sababu ukiuachia tu, treni hujifunga breki yenyewe. Waliutengeneza hivyo ili dereva akifa njiani, abiria wasife naye. Ukizoea kukandamiza kitu miaka mingi, mkono hausikii tena habari nyengine.

Treni zenyewe zilikuwa za umeme, za watu wa kwenda kazini London na kurudi majumbani. Mabehewa manne manne, na nyakati za msongamano tuliunga mbili pamoja yakawa manane. Tuliziita kwa nambari ya aina yake, mia nne hamsini na tano, kama vijana wa hapa wanavyoita gari kwa mwaka wake. Hazikuwa na waya juu. Umeme ulitoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando, na asubuhi za barafu ilirusha cheche za buluu mpaka kuta za jirani zikamulikwa. Treni nzuri hazikuwa. Uso bapa, viti vimechakaa, na kelele. Chini ya sakafu kompresa ikigongagonga hata treni imesimama. Mota zikianza kuvuta hunguruma kwa chini, kisha sauti ikapanda. Kabla ya kuondoka, gadi aliyefunga milango hunigongea kengele mara mbili, nami nikamjibu mara mbili.

Ukiwa na mpini huruhusiwi kushika simu, na mimi sikupata kuishika. Lakini zamu ya alfajiri ikiisha, nilirudi nyumbani kwa treni hizo hizo, abiria kama abiria wengine, na hapo ndipo nilipompigia mama. Kule mchana, hapa Mabela imeshasaliwa alasiri, na mama ameshaletewa chai yake ya maziwa. Alikuwa hangoji hata nimsalimu.

"Umo ndani ya treni yako?"

"Nimo, mama."

"Nnaisikia. Haya, umekula?"

Tukizungumza mpaka nifike kituo changu. Alijua nakaribia kufika kwa jinsi breki zilivyolia, na hapo hukata maneno hata kama anasengenya mtu. "Haya, shuka salama," husema, na simu hukata yeye. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo kwa hayo, na nakiri mara nyengine nilikuwa nimechoka nasikiliza nusu.

Nilikuwa nikija likizo, miaka myengine mara moja, miaka myengine hata hiyo moja hapana. Watoto wangu wakubwa wana maisha yao kule, na mama yao tuliachana zamani. Baba alinituma nikasome uinjinia, mwaka ule alioihamisha familia kutoka Unguja kuja Oman, na mpaka amekufa alikuwa akiwaambia watu mwanawe ni injinia wa treni. Sikumkatalia. Dereva pia yumo ndani ya injini.

Kisha zikaletwa treni mpya. Zina baridi, zina vioo vikubwa, hazina sauti. Siku ya kwanza niliyopanda mpya kurudi nyumbani, mama alipokea simu akatega sikio, kisha akaniuliza: "Leo uko wapi, mbona pamenyamaza?" Nikamwambia nimo ndani ya treni. Akasema, "Hapana, mwanangu, hiyo si treni," na siku ile hakuwa na mengi. Tangu hapo, kama nilikuwa na nafasi, nikingoja ya zamani.

Siku ya mwisho ya zile za zamani, wapenda treni walijaa kwenye majukwaa na kamera zao, wazee wazima wenye mabegi ya mgongoni na thamosi za chai. Sisi madereva tuliwacheka siku zote. Mmoja alikuwa analia. Mimi niliipeleka yangu yadi ikangoje kuvutwa kwenda kukatwakatwa, nikazima, nikateremka. Watu waliniuliza najisikiaje. Nilikuwa sijisikii chochote. Sikuchukua hata picha moja.

Nikafunga sanduku nikaja kwa mama. Hilo ndilo nililolitaka, na sikulitaka jengine: nikae na mama yangu, ajue kuwa nimerudi, kabla Mungu hajamchukua. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Dada alinionya kwenye simu kuwa hata kumbukumbu zimeanza kufuata.

Sasa nieleze kosa tulilolifanya, na ni kosa la watu wetu. Mtu akija kutoka safari, hapa ana heshima zake. Hukaribishwa majlisi, chumba cha wageni, huletewa matunda na halua, humiminiwa kahawa mpaka atikise kikombe kuonesha ametosheka, na mwisho hufukizwa udi. Dada yangu kwa furaha yake hakuacha hata moja. Majirani wakaingia, wanatupongeza kwa sauti, "Mabruk, mmepata mgeni!" Katikati ya moshi na vikombe, dada akamshika mama mkono akamleta.

Mama akasikia kahawa, akasikia udi, akasikia watu wanasema mgeni. Akajiweka sawa mtandio wake, akakaa kama anavyokaa mtu mbele ya wageni.

"Karibu, karibu sana. Wazee wako hawajambo?"

Nikambusu mkono. "Mama, ni mimi."

"Ahsante. Wewe mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

Akacheka kwa adabu. "Ahsante, mwanangu. Nyote wangu." Kisha akamgeukia dada: "Mpe halua, mgeni hajala kitu."

Ningependa kuandika kuwa moyo ulinipasuka. Haukupasuka. Nilikula halua, nikanywa kahawa, nikatikisa kikombe. Waliobaki walijifanya hawakusikia.

Dada aliniambia itapita, kesho atakujua. Kesho hakunijua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu ilipofika dada akanitupia ufunguo wa gari la marehemu mumewe. "Jembe sina, kaka. Wewe utampeleka mama hospitali na kutununulia mkate. Mimi nna kazi." Ana kazi kweli. Yumo wizara moja pale Al Khuwair, na asipotoka Mabela kabla jua halijawa kali, barabara humfungia, akafika na uso uliokunjana mpaka adhuhuri. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili ndani ya nyumba, mama na mgeni wake.

Nilijaribu. Nilimtajia mtaa wetu wa Unguja, mlango wetu, jirani aliyekuwa akifuga bata. Nilimtajia siku niliyoanguka kwenye ngazi nikavunja jino, na yeye akanipiga kwanza kabla ya kunipangusa damu. Nilidhani hiyo itamgusa. Ilimgusa vibaya. Alivuta mkono wake, na dada aliporudi akamnong'oneza kwa sauti niliyoisikia mpaka jikoni: "Huyu mwanamme kayajuaje mambo ya mwanangu? Mwulize kwao wapi." Nikaacha. Mtu akikuogopa, kumbukumbu zako zote ni bure.

Kila baada ya alasiri alikuwa akitaka simu yake. Simu ndogo ya vitufe vikubwa, dada alimnunulia. Huiweka mapajani, hukunja mikono juu yake, husubiri. Nami nimekaa kwenye kiti mbele yake. Chai ikipoa.

"Mwanangu hajapiga," husema.

"Atapiga, mama," dada hujibu, ameshatoka kazini, na huku ananitazama mimi.

Haikunipitikia kichwani mpaka dada aliponiambia. Siku ile niliyoingia nyumba hii ndiyo siku niliyoacha kupiga simu. Nimpigie kwa nini, na mimi nimeshafika? Lakini kwa hesabu ya mama, siku alipokuja mgeni ndiyo siku mwanawe alipopotea.

"Mpigie, kaka," dada alisema. Tulikuwa jikoni, anakata vitunguu, na machozi yake sikujua ni ya kipi.

"Nimpigie mtu niliye naye nyumba moja? Mimi mwendawazimu?"

"Hali kitu. Leo hajala. Jana kanywa maji tu. Anasema treni imemuua mwanawe, na sisi tunamficha."

"Nikimpigia ndiyo basi tena. Hatonijua hapa milele."

Aliweka kisu chini. "Na usipompigia?"

Nilimkasirikia, kwa sababu alisema kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa mwana wa simu, na nilirudi ili nisiwe tena mwana wa simu. Nilimwambia anisubiri kidogo. Mama akalala bila kula siku ile pia. Alfajiri nilipokwenda kumjulia hali, alikuwa ameamka anapapasa kitanda, anatafuta simu, na mkono wake umekonda mpaka bangili imepanda karibu na kiwiko. Nikamtafutia simu, nikamwekea mkononi. "Ahsante, bwana," akaniambia. Nikaenda kutawadha.

Alasiri ile nilijifungia majlisi, ambako ndiko ninakolala, kwenye magodoro ya wageni. Nilijua sauti yangu peke yake haitotosha, kwani sauti hiyo amekwisha kuizoea ya mgeni. Nikaitafuta treni ya zamani kwenye simu yangu ya pili. Wale wapenda treni niliowacheka wameweka kila kitu kwenye mtandao. Mmoja wao, Mungu amjaalie, alikaa na kamera yake ndani ya behewa kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho na hakusema hata neno moja. Nikabonyeza. Kompresa ikagonga. Milango ikafungwa, na kwa mbali kengele mbili, kisha mbili. Mkono wangu wa kushoto ulikandamiza godoro wenyewe, sikuuamrisha.

Nikapiga. Nikasikia ikilia chumba cha pili, ukutani, kisha sikioni.

"Umo ndani ya treni yako?"

"Nimo, mama."

"Ulikuwa wapi?" Sauti yake ilipanda ghafla, ya mtu mwenye nguvu. "Ulikuwa wapi wewe? Nimekaa hapa nakungoja kama mjinga!"

"Kazi zilinibana, mama. Nisamehe."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nitakula sasa." Nikamsikia anamwita dada, nikasikia kikombe kinagusa kisahani, kote kuwili, masikio yangu yote. Akanitukana kidogo, akanieleza bei ya samaki, akaniuliza lini nitakuja. Nikasema karibu. Kisha akashusha sauti.

"Hapa petu pana mgeni. Kaja siku nyingi, haendi kwao. Mtu mzima, mpole, mkono wake mmoja baridi kama wa maiti. Nilikuwa nikimwogopa, sasa nnamwonea huruma."

"Kwa nini, mama?"

"Tangu aje, sijasikia hata mara moja mama yake kumpigia simu."

Breki za treni zikaanza kulia kwenye ile video, na yeye akazisikia.

"Umefika. Haya, shuka salama," akasema, akakata.

Nilikaa mpaka treni ya yule bwana ikasimama kabisa na milango ikafunguliwa. Nikanawa uso, ingawa ulikuwa mkavu. Nikenda chumbani kwa mama kama mgeni anavyokwenda, nikipiga hodi na kungoja karibu. Alikuwa amemaliza chai, na kwenye sahani amebakisha nusu ya mkate wa mofa alioupaka samli. Alisikia nyayo zangu, akaunyanyua, akaunyoosha hewani upande nilioko.

"Njoo ule, mwanangu. Mwanangu mimi kanipigia leo."

"Hajambo?" nikamwuliza.

"Hajambo. Yuko njiani, anakuja."

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikakaa kwenye kiti cha mgeni, nikaupokea kwa mkono wa kulia, nikala.