Mabano Matupu ya Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Chang'ombe, nilikabidhiwa kitambaa cha vumbi kabla ya kukabidhiwa kompyuta. Serikali ilikuwa imeshafungulia biashara ya nje, makontena yanashuka kila wiki, na tajiri wetu aliagiza kila kitu, kuanzia dawa hadi vipuri vya malori. Meneja wa Kompyuta, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Upanga, aliniambia, "Mbwana, mashine hizi zinakula vumbi kuliko sie. Ifute kwanza, halafu ndiyo uiulize maswali."

Nilifuta na kuuliza miaka mingi, mpaka nikawa mwandamizi wa waprogramu. Ndipo akaajiriwa Rukia, binti wa Msasani. Hata shikamoo yake iliniudhi. Alikuwa ameyajua mapema mno mambo niliyoyahangaikia mimi nusu ya ujana wangu.

Katikati ya miaka ya elfu mbili tulitengeneza fomu moja ya kupokea mizigo yote. Ikipewa orodha ya dawa iulize tarehe ya kuisha. Ikipewa ya vipuri iulize aina ya gari. Orodha yenyewe tuliiandika mara moja tu, tukaacha nafasi ya kujaza aina ya vitu. Nafasi hiyo tuliiita kigezo cha aina. Tatizo lilikuwa kompaila, programu inayogeuza maandishi yetu yaeleweke na mashine. Ilikagua kigezo, kisha ikakifuta. Fomu ikianza kazi na kuiuliza orodha umebeba nini, orodha haijui.

Meneja alisema atakayelimaliza hilo mbele ya Mkurugenzi ndiye Mkuu wa Waprogramu. Cheo hicho nilikitaka mpaka nakiota. Nilihangaika wiki tatu. Rukia alitumia asubuhi moja.

"Kaka Mbwana, njoo uone," aliniita. "Nimeizalia orodha mtoto, kipande kidogo cha programu kinachoirithi. Hana kazi yoyote, mabano mawili tu, ndani hamna kitu. Ila kwenye maelezo yake imeandikwa mzazi wake ni Orodha ya Dawa, na hayo kompaila haiyafuti. Fomu inamwuliza mtoto, mzazi wako nani? Basi."

"Umejitahidi," nikamjibu. Roho iliniuma hata chai ikanishinda.

Kwa desturi yetu, mwandamizi ndiye aliyesafisha programu kabla ya maonyesho, akiondoa mistari isiyo na kazi. Nikafika kwenye yale mabano matupu. Ningependa kuwaambia sikujua. Nilijua vizuri sana. Niliyafuta, nikaifanya fomu iiulize orodha yenyewe bila kupitia kwa mtoto, na kompaila haikulalamika.

Mbele ya Mkurugenzi, fomu iliandika: Aina haijulikani. Rukia alitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Binti, mbona nimeambiwa juzi ilikuwa inafanya kazi?" Mkurugenzi akauliza.

"Nimekosea, mzee. Nitairekebisha."

Kwa kuwa mwandamizi nilikuwa mimi, cheo nilipewa mimi. Kesho yake nilifungua faili nikakuta mabano yamerudi, na juu yake mstari mmoja wa maelezo: Kaka Mbwana, haya usiyafute tena. Hakumwambia Meneja wala mtu mwingine. Hilo nalo nililionea wivu, maana mimi nisingeweza kunyamaza.

Rukia alihama kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikalia kiti kile hadi nikastaafu, na kila tuliposafisha programu niliukuta ule mstari, nikauruka. Kuufuta ningeweza, mkono ulikataa.

Siku ya kuniaga, waprogramu vijana walinionyesha kazi zao. Siku hizi mbinu ile wanaitumia wote, wanadhani imekuwapo tangu zamani. Mmoja akafungua lile faili la kale akicheka.

"Mkuu, huyu Kaka Mbwana alikuwa nani? Alifanyaga nini mpaka akaandikwa humu?"

Wote walikuwa wamezoea kuniita Mkuu. Nikaweka soda yangu mezani.

"Ni mie," nikasema. "Kaeni niwaambie alichofanya."