Kaseti ya Kwaya Yetu

Mrekodi kaseti wa stendi ya Makambako amefuga ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba. Akishamaliza kunakili nyimbo za dini, huvunja kwa ukucha huo vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. "Neno la Mungu halifutwi, mama," husema, naye ni Mwislamu, kofia haimtoki kichwani. Redio yake huisafisha kwa pamba na spiriti, kisha huinusa ile pamba, sijui kwa nini. Kaseti ya kwaya yetu alininakilia yeye, maana halisi ilikuwa Njombe tu, ofisini kwa kanisa, nako walifungua Jumatano peke yake.

Juzi nilimpelekea kaseti tupu aninakilie toleo la pili la kwaya. Akairudisha kikapuni mwangu. "Halisi imeshafika, mama, duka lile pale. Zamani nilikuwa nakusaidia. Leo itakuwa wizi." Nikaitoa ile ya kwanza. "Na hii je? Jumapili nashiriki Chakula cha Bwana. Na humu anayeanzisha wimbo ni mimi. Nimejiibia?" Hakucheka. Aliigeuza, akaipangusa kwa pamba yake, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hapo hata mimi sijui, mama." Basi nikanunua halisi, zote mbili. Nyumbani nikaitia redioni ile iliyonakiliwa niifute kabla ya Jumapili. Kitufe cha kurekodi kikakataa kushuka.