Pemba kwenye Miimo ya Mlango

Mwaka 1956 Adolphine alikuwa mwanamke pekee aliyefundisha katika shule yake pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, na darasa lake halikuwa na mtoto hata mmoja. Akina mama walisema chumba kile ni ghala, wala hawakusema uongo: tangu mavuno kilikuwa kimejaa magunia ya pamba. Mkuu wa shule, Bonaventure, alimwita biro, yaani ofisini kwake, akampa mpaka Jumatatu. Ayatoe magunia, lakini akikosa watoto, yanarudi.

Jumamosi akayatoa yote, akayapanga nje barazani. Akaondoa utando wa buibui, akanyunyiza maji kabla ya kufagia, akafungua madirisha upepo wa ziwa upite. Ndani aliacha ubao, mikeka na chungu cha maua ya njano, basi. Kuta akazipaka pemba, ule udongo mweupe wa mtoni, na uliobaki akaumalizia kwenye miimo ya mlango.

Hapo ndipo alipokosea. Alikulia kwa masista, Uvira, hakujua kwamba mtaani pale mlango uliopakwa pemba hutangaza mapacha waliozaliwa, na hakuna mwanamke atakayeupita bila kuingia kuwaimbia.

Jumapili alasiri akasikia vigelegele. Godelieve, muuza samaki mwenye sauti ya kuvuka mto, alikuwa mbele, nyuma yake wanawake wenye ndizi na samaki vichwani, na watoto wao wote. Nyimbo za mapacha ni za matusi ya utani, ndiyo desturi. Adolphine aliimbiwa miguu yake, pua yake, na mume ambaye hakuwa naye.

Godelieve akasimama mlangoni. "Mapasa iko wapi?"

Adolphine akaeleza kwamba hakuna mapacha, ni darasa tu alilolipaka. Mmoja akanong'ona kwamba waondoke, lakini Godelieve alikuwa akizitazama kuta.

"Mwalimu, umetudanganya na mulango," akasema. "Lakini zawadi ya mapasa haiwezi rudia ku nyumba. Itakuliwa humu humu. Batoto, ikaleni."

Wakakaa mikekani, wakala, wakaimba. Adolphine akawachorea ndege ubaoni, wakadai na samaki, kisha ng'ombe. Jua lilipozama, mama zao waliwatoa kwa kuwavuta mikono.

Jumatatu asubuhi Bonaventure alikuja na wapagazi. Alikuta mikeka imejaa watoto, na wengine wamekaa kizingitini. Akasimama, akavua kofia.

"Hayo magunia," akawaambia wapagazi, "pelekeni ku biro yangu."